Grace Kelly: Aliitingisha Hollywood, akaacha sinema akiwa na miaka 26

Mtu wa Handeni akisikia jina Mogambo, kichwani inakuja kambi ya JKT Mgambo, au ile timu yake iliyowahi kucheza Ligi Kuu. Kumbe ni filamu ya Marekani ya 1953. Walioitangaza walidai ni neno la Kiswahili lenye maana ya mahaba. Kiswahili cha wapi hicho? Ulizia pale stendi ya Korogwe uone watakavyokushangaa.

Filamu hiyo ndiyo iliyomleta Grace Kelly Afrika Mashariki mwishoni mwa 1952, Kenya ikiwa ndiyo kwanza imetangaziwa hali ya hatari kwa sababu ya Mau Mau. Nyingine zilipigwa Mto Kagera, Tanganyika. Alikuwa na miaka 23, binti wa mkandarasi tajiri wa Philadelphia ambaye uigizaji wa bintiye haukumkaa moyoni.

Baadaye ikaja Dial M for Murder (1954) ya Alfred Hitchcock, kutoka mchezo wa jukwaani wa Frederick Knott. Karibu yote inachezwa ndani ya nyumba moja London. Mume anataka mali za mkewe, anambana mtu amnyonge, kisha anapiga simu usiku ili mke aamke aje kupokea. Mke ananyongwa huku anapapasa mezani, anakutana na mkasi. Anayekufa ni muuaji. Hapo sasa mume anaanza kumpikia mkewe kesi, taratibu, kwa upole, hadi anahukumiwa kifo. Kinachotisha si damu, ni ule upole.

Hitchcock alitaka avae joho la mahameli kwenye tukio hilo. Kelly akagoma: mwanamke aliye peke yake, kaamshwa na simu, ahangaike na joho la nini? Akacheza na gauni la kulalia, na bosi akakubali.

1955 akabeba Oscar kwa The Country Girl. Aprili 1956 akaolewa na Rainier, mtawala wa Monaco, na kazi ikaishia hapo, filamu 11 tu. Mwaka 1962 Hitchcock alimwita tena kwa ajili ya Marnie. Akakubali, watu wa Monaco wakaja juu, akajitoa.

Septemba 13, 1982 alipata kiharusi akiwa kwenye usukani, gari likatumbukia bondeni. Alifariki kesho yake, akiwa na miaka 52. Binti yake Stéphanie, waliyekuwa naye garini, alinusurika.