DAKTARI ADRIAN ATIMAN, MGANGA WA KAREMA



Katika kijitabu hiki cha kutimiza miaka 10 mtakuta taarifa ya hisa, taarifa ya mikopo na picha za wanachama. Kamati iliona isiwe hesabu tupu. Tukakubaliana tuweke na maisha ya mtu mmoja aliyekwisha kufa zamani, ambaye alimpenda Mungu kwa kuwahudumia watu. Tumemchagua Daktari Adrian Atiman wa Karema, kule Ziwa Tanganyika. Ni mbali na hapa kwetu Handeni na Korogwe, lakini habari zake zinatugusa sisi kuliko mtu anavyodhani, na mwisho tutaeleza kwa nini.

Kikundi chetu kina Waislamu, Wakatoliki, Waanglikana na Walutheri. Atiman alikuwa Mkatoliki, tena katekista. Imani yake hatuwezi kuificha maana ndiyo iliyomtuma. Lakini alipofika Karema Wakristo walikuwa wachache sana, kwa hiyo wagonjwa wake wengi walikuwa siyo wa dini yake. Kidonda hakina dhehebu. Kwa hiyo kila mwanachama asome bila wasiwasi.

KUZALIWA NA KUIBIWA

Atiman alizaliwa karibu na mwaka 1866 kandokando ya Mto Niger, jirani na mji wa Timbuktu, nchi ambayo leo inaitwa Mali. Akiwa bado mtoto mdogo aliibiwa na wafanyabiashara wa watumwa. Wakamvusha jangwa la Sahara mpaka kusini ya Algeria. Sisi tuliolea watoto tunajua mtoto wa umri ule anajua nini. Anajua sauti ya mama yake na njia ya kwenda mtoni, basi. Huyu alipelekwa jangwani na watu asiowajua, akawa bidhaa sokoni, na aliyekuwa na hela ndiye wa kumchukua.

Waliomchukua safari hii walikuwa Mapadre Weupe, shirika lililoanzishwa na Askofu Mkuu Lavigerie huko Algeria mwaka 1868. Walilipa bei yake ili awe huru. Tuseme ukweli, kukombolewa kule hakukumrudisha kwa mama yake. Alilelewa na mapadre, akasoma shule yao, akabatizwa, na maisha yake yote yaliyobaki yalikuwa mbali na Mto Niger. Lakini kamba ilikatika. Hela ile ile iliyotumika kumuuza ndiyo iliyotumika kumkomboa.

KUSOMEA UGANGA

Lavigerie, ambaye baadaye alifanywa Kardinali, alikuwa na mawazo yake. Aliona kwamba Mzungu akija Afrika anakufa haraka kwa homa, na tena anabaki mgeni. Akasema hapana, watafutwe vijana wa Kiafrika, wasomeshwe udaktari, waoe, wakae na watu, wale chakula cha watu, na wafundishe dini kwa kutibu. Kwa ajili hiyo alifungua chuo katika kisiwa cha Malta mwaka 1881. Vijana waliosomeshwa pale wengi walikuwa watumwa waliokombolewa. Atiman alikuwa mmojawapo. Aliposoma akamaliza, mwaka 1888 alifungasha vyombo vyake vya upasuaji akapanda meli kuja Zanzibar pamoja na msafara wa wamisionari.

Mwaka huo huo Kardinali Lavigerie alikuwa anazunguka miji ya Ulaya akihubiri dhidi ya biashara ya watumwa. Mmoja alikuwa anasema huko, mwingine anatembea kwa miguu huku. Kutoka pwani mpaka Ziwa Tanganyika ni zaidi ya kilomita elfu moja. Hapakuwa na gari wala reli. Watu walibeba mizigo kichwani miezi na miezi, kwenye njia zile zile ambazo watumwa na pembe za ndovu viliteremshwa kuja pwani. Fikirini, mtu aliyevushwa jangwa akiwa mtumwa, sasa anapita njia ya watumwa akiwa mganga.

MIAKA 67 MAHALI PAMOJA

Alifika Karema mwaka 1889, kijana wa miaka ishirini na kitu. Karema palikuwa na ngome iliyojengwa na Wabelgiji kuanzia mwaka 1879, nao wakaikabidhi kwa Mapadre Weupe mwaka 1885. Ndani na kando ya ngome walikaa watu waliokombolewa utumwani na watu waliokimbia vita. Hali ilikuwa ya hatari. Biashara ya watumwa ilikuwa bado inaendelea pande zote mbili za ziwa, na upande wa Kongo Mfaransa mmoja, Kapteni Leopold Joubert, alikuwa anapigana na wafanya biashara hiyo. Majeruhi wa mambo hayo walihitaji mtu wa kuwatibu.

Basi huyo akawa ndiye. Alitibu homa, alifunga majeraha, alipasua panapohitaji kupasuliwa. Dawa zilikuja kwa mabegani mwa wapagazi kutoka pwani, zikichelewa zimechelewa. Hapa kwetu Korogwe garimoshi lilifika mwaka 1902. Kigoma reli ilifika mwaka 1914, na Karema yenyewe haikuwa Kigoma. Mganga wa Karema alipoishiwa dawa hakuwa na mahali pa kuazima. Halafu ulikuja ugonjwa wa malale kandokando ya ziwa mwanzoni mwa miaka ya 1900, watu wakafa na vijiji vikahamishwa. Yeye alikuwepo.

Alimwoa Agnes, binti wa chifu wa Wabende, kabila la wenyeji wa kule. Hili sisi akina mama tusilipite haraka haraka. Habari za watu wakubwa huwa zinamtaja mume, mke anatajwa mstari mmoja. Lakini nyumba ya mganga inajulikana. Mgonjwa hachagui saa. Anakuja usiku, anakuja na ndugu watatu, wanahitaji maji ya moto, uji na mahali pa kulala. Mtoto wao mmoja, Yosefu, akawa padre.

Na kazi ya katekista hakuiacha. Katekista ni mtu anayefundisha dini, anaongoza sala padre asipokuwepo, anawaandaa watu kwa ubatizo na kuwasindikiza waliokufa. Kwa hiyo mtu yule yule aliyekuosha kidonda ndiye aliyekufundisha kusali. Watu waliweza kulinganisha maneno yake na mikono yake. Mwalimu wa namna hiyo hana pa kujificha.

Serikali zilibadilika juu yake. Wajerumani walitawala, wakaja Waingereza baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Vita ya pili ikaja ikapita. Aliona maaskofu wakifa na wengine wakiwekwa. Alitunukiwa nishani uzeeni. Lakini hakuhama Karema. Alifariki mwaka 1956, mzee wa miaka karibu 90, baada ya kutibu watu mahali pamoja kwa miaka 67. Uhuru wa Tanganyika ulikuwa umebakiza miaka mitano. Leo ipo hospitali ya Kanisa Sumbawanga yenye jina lake.

KWA NINI HABARI HII INATUHUSU

Sasa turudi hapa nyumbani. Wazee wetu Wazigua wametuachia habari za njaa kubwa ya miaka ya 1830. Mvua ilikataa, watu wakateremka pwani kutafuta chakula, na wengi waliishia kuuzwa na kupelekwa Somalia. Watoto waliwekwa rehani kwa chakula. Wajukuu wa hao waliopelekwa Somalia walikaa kule zaidi ya miaka 150 wakaendelea kusema Kizigua, mpaka vita ya kule ilipowatoa, na wengine wao wakaja wakapewa makazi hapa Handeni, pale Chogo, mwaka 2003. Tumekutana nao sokoni. Lugha ni moja. Kumbe utumwa siyo habari ya kitabuni, ni ya ukoo.

Ndiyo maana sisi watu wa kuweka na kukopa lazima tuiangalie hela kwa macho mawili. Njaa ile iliwakuta watu hawana akiba ya pamoja. Kila nyumba ilibaki peke yake na mwenye chakula akapanga bei anayotaka. Hata leo, mwaka ambao mahindi yamekauka Handeni, mama anauza mbuzi kwa bei ya kuku, au anakopa kwa mtu binafsi kwa riba ya kumnyonga. Hakuna aliyemfunga kamba, lakini hana pa kwenda.

Hapo ndipo tunafika kwenye jambo ambalo wanachama wote mnalijua, nalo litapigiwa kura kwenye mkutano mkuu baada ya sherehe. Wapo wenzetu wanaopendekeza mfuko wa jamii ufutwe, na ile hela tunayochanga kila wiki kwa ajili ya ugonjwa, misiba na majanga iingizwe kwenye mikopo. Wana sababu zao na tusiwadharau. Wanasema hela ya mfuko haizai. Wanasema wapo waliosaidiwa ambao hawaonekani mwenzao anapopatwa na shida. Mambo hayo ni kweli, daftari linaonyesha.

Lakini sisi wa kamati tunaomba tuangalie hesabu ya Atiman. Hela iliyolipwa kwa ajili ya yule mtoto haikurudi kwenye sanduku la aliyelipa. Kwa daftari letu ingeandikwa imepotea. Hakuna aliyejua mtoto yule atakuwa nani. Angeweza kufa kwa homa wiki inayofuata. Walilipa kwa sababu alikuwa mtoto yuko sokoni. Miaka 67 ya kutibu watu wa Karema ilikuja baadaye, tena waliofaidika ni watu wengine kabisa, upande mwingine wa Afrika.

Mfuko wetu ni mdogo. Umelipa nauli ya mgonjwa kwenda Bombo, Tanga. Umenunua sanda. Umelipa michango ya shule ya watoto waliofiwa. Hatujui watoto hao watakuwa nani, na siyo lazima tujue. Tunachopendekeza ni mfuko ubaki, ila uwekewe masharti: msaada utolewe baada ya wanachama wawili kumtembelea mwenye shida nyumbani kwake, na kila aliyesaidiwa awe tayari kutembelea wengine. Hilo la kutembelea tumelichukua kwa mganga wa Karema. Kazi yake yote ilikuwa ya kukaa karibu.

Kila mwanachama aje na uamuzi wake. Wenye funguo tatu za sanduku watakuwepo, na hesabu ya mfuko itasomwa mbele ya wote kabla ya kura.

 Mungu ampumzishe kwa amani mtumishi wake Adrian Atiman pamoja na mkewe Agnes, na sisi atujalie moyo wa kupenda, kusali na kuhudumia, kila mmoja kwa imani yake. Amina.

Mwenyekiti, kwa niaba ya Kamati