KAPTENI ALIYEMWITA KOITALEL

Jina la Richard Meinertzhagen ni gumu kulitamka. Mimi nilikutana nalo mara ya kwanza katika kitabu cha wanyama, maana nguruwe mkubwa wa msituni alipewa jina hilo na wataalamu mwaka wa 1904. Nilicheka sana. Baadaye nikalikuta tena katika somo la historia, nikaacha kucheka.

Bwana huyu alizaliwa London mwaka wa 1878, katika ukoo wa matajiri wa benki. Aliingia jeshini 1899, akatumwa Bara Hindi, na 1902 akaletwa huku kwetu katika KAR, ambayo wazee huiita Keya.

Sisi wa kutwa hapa Otonglo twaijua reli ya Butere. Basi hiyo ni mtoto wa ile iliyotoka Mombasa ikafika Kisumu Desemba 1901. Reli ile ilipita kando ya nchi ya Wanandi, nao hawakuitaka kabisa. Wakiongozwa na orkoiyot wao, Koitalel arap Samoei, walikata nyaya za simu, wakabeba vyuma na kupigana miaka mingi hadi serikali ikachoka.

Tarehe 19 Oktoba 1905, Meinertzhagen, ambaye sasa alikuwa kapteni, alimwita Koitalel kwenye mazungumzo ya amani. Kila upande ulitakiwa uje na watu wachache tu. Lo! Kumbe kapteni alikuwa ameficha askari wenye bunduki karibu. Badala ya salamu, risasi! Koitalel akafa pamoja na wenzake. Kisha jeshi likawavamia Wanandi, likawaua mamia, likachukua ng'ombe wao na kuwahamisha mbali na reli.

Mwenzangu mmoja darasani alishikilia kwamba vita ni vita. Nikamjibu kwamba mtu aliyeitwa kwa amani hajaja vitani. Tulibishana mpaka kengele ikalia. Kapteni mwenyewe alidai eti Wanandi ndio walioanza, na baraza za uchunguzi zilimsafisha mara tatu. Sasa kama alikuwa safi, mbona 1906 aliondolewa nchini?

Alirudi Afrika Mashariki katika vita vya 1914, akawa mkuu wa upelelezi. Yasemekana wapelelezi wake waliokota makaratasi ambayo maofisa wa Kijerumani walijipangusia chooni, naye akayasoma. (Mnaokula, samahani.) Alistaafu 1925 akiwa kanali, akafariki 1967. Kwa miaka mingi alisifiwa pia kama bingwa wa ndege, lakini baada ya kifo chake wataalamu waligundua kwamba aliiba ndege waliokaushwa katika majumba ya makumbusho, akawabandika karatasi za uongo. Ndipo watu wakaanza kutilia shaka hata shajara zake, ambamo alijieleza kama shujaa.

Fimbo tatu za Koitalel alizochukua siku ile zilirudishwa Kenya na mwanawe mwaka wa 2006. Wanandi husema kichwa cha kiongozi wao nacho kilikatwa kikapelekwa Uingereza. Mwaka ule zilirudi fimbo tu.