Arthur Loveridge, Mtu Aliyefuata Vyura Hadi Mto Tana

Wageni waliofika pwani yetu katika karne mbili zilizopita walikuja na haja mbalimbali. Wako waliotafuta pembe, wako waliotafuta nchi ya kutawala, na wako waliotaka kueneza dini yao. Mwezi wa Juni mwaka 1934 alifika Ngatana, upande wa chini wa Mto Tana, mgeni mwenye haja ya ajabu kuliko hao wote. Alikuja kutafuta vyura, mijusi, nyoka na vidudu vya matopeni. Jina lake lilikuwa Arthur Loveridge. Wataalamu wa viumbe wanamjua dunia nzima, lakini hapa kwetu, mahali alipofanyia kazi yake kubwa, ni wachache wanaomkumbuka. Basi si vibaya kumweleza, maana mambo aliyoyaandika yamekuwa ushahidi katika shauri ambalo halijakwisha mpaka leo, nalo ni shauri la mbao na msitu.

Loveridge alizaliwa tarehe 28 Mei 1891 katika mji wa Penarth, pwani ya Wales, Uingereza. Tangu utotoni alipenda kukusanya viumbe na kuvitunza. Alipokuwa kijana alifanya kazi katika majumba ya makumbusho ya kwao, na mwaka 1914 akapata alichokuwa akikitamani, yaani kuja Afrika. Aliajiriwa kuwa mtunzaji wa makumbusho ya Nairobi, ambayo ndiyo asili ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Wakati huo Nairobi ilikuwa bado changa, na makumbusho yenyewe yalikuwa madogo.

Hakukaa sana ila Vita Vikuu vya Kwanza vikazuka. Loveridge akajiunga na kikosi cha wapanda farasi cha Afrika Mashariki, akavuka mpaka kwenda kupigana na Wadachi katika nchi ambayo baadaye iliitwa Tanganyika. Hata vitani hakuacha mazoea yake. Wenzake walipopumzika yeye alipindua mawe na magogo kutazama kilichojificha chini yake. Vita vilipokwisha alirudi makumbushoni, kisha akaajiriwa na serikali ya Tanganyika kuwa msaidizi wa bwana nyama. Katika miaka hiyo alizunguka sana sehemu za Kilosa na Morogoro, akaijua nchi na akazoea njia zake.

Mwaka 1924 aliitwa Marekani, kwenye makumbusho ya elimu ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Harvard, akakabidhiwa idara ya wanyama watambaao na jamii ya chura. Huko alikaa hadi mwaka 1957. Lakini moyo wake ulibaki Afrika, na mara tano alirudi kwa safari ndefu za kukusanya, ya kwanza katika miaka ya 1920 na ya mwisho mwaka 1948 na 1949. Safari hizo aliziandikia vitabu vya elimu, na pia vitabu vya masimulizi vilivyosomwa na watu wa kawaida, kama kile cha mwaka 1953 ambacho jina lake lataja Mto Zambezi.

Ama safari yake ya kwanza kutoka Harvard ndiyo iliyomjenga jina. Alikwenda kwenye milima miwili ya Tanganyika, Uluguru na Usambara, akailinganisha. Mwaka 1928 yeye na mkuu wake, Thomas Barbour, walitoa kitabu kikubwa juu ya viumbe wa milima hiyo. Humo walitangaza vyura ambao elimu ilikuwa haijapata kuwajua. Mmoja, wa Amani huko Usambara, anaishi ndani ya mianzi na kwenye makutano ya majani ya migomba, mahali panapotuama maji kidogo kama ya kikombe. Mwingine, pia wa Amani, alipatikana mmoja tu, na mpaka leo elimu inamjua kwa kielelezo hicho kimoja kilichomo ndani ya chupa. Katika milima hiyohiyo wako pia vyura wadogo ambao hawatagi mayai majini kama wenzao, bali huzaa watoto wazima.

Hapo ndipo lilipo fumbo ambalo Loveridge alilishughulikia maisha yake yote. Kwa nini chura wa mlima huu hayuko mlima ule? Jibu ni kwamba chura wa msituni ni mfungwa wa unyevu. Ngozi yake ni nyembamba, nayo hupumua kwa ngozi hiyo. Akitoka kivulini akavuka nyika kavu, hufa. Kwa hiyo kila msitu ulio juu ya mlima umekuwa kama kisiwa baharini, na viumbe wake hawana pa kukimbilia. Simba akifukuzwa huhamia bonde jingine. Chura wa namna hii msitu wake ukikatwa ndio mwisho wa kabila lake.

Safari ya mwaka 1933 na 1934 ndiyo iliyomleta kwetu. Alipita Uganda na misitu ya magharibi ya Kenya, akapanda milima ya Taita, kisha akashuka pwani hadi Mto Tana. Alikuwa na sababu ya kufika Ngatana. Miaka arobaini na zaidi kabla yake, mtaalamu wa mawe J. W. Gregory, ambaye baadaye alisifika kwa kitabu chake juu ya Bonde la Ufa, alipita hapo katika safari iliyovurugika kwa maradhi na matatizo. Kutoka Ngatana alipeleka London kiumbe mmoja wa ajabu, na mwaka 1895 mtaalamu Boulenger akampa jina la Gregory. Kiumbe huyo ukimwona utadhani ni nyungunyungu mkubwa, au nyoka mdogo asiye na magamba. Hana miguu na macho yake ni ya kubahatisha, lakini si mnyoo wala nyoka. Ni katika jamii ya chura, mwenye mifupa na taya, ila maisha yake ameyafanya ya chini ya ardhi. Ndugu yake mwingine, aliyetajwa mwaka 1912 kuwa ametoka Mto Tana, alipewa jina la akina Denhardt, wale Wadachi wawili ambao historia ya Witu na Sultani Ahmed Simba haiwezi kuelezwa bila ya kuwataja.

Loveridge alipiga kambi, akachimba matopeni, akawapata viumbe wa Gregory kwa wingi. Alifika pia Kau, ule mji wa zamani wa karibu na Kipini, na kutoka hapo akatangaza mjusi mmoja mwenye vijiguu vidogo, ambaye mwaka 1935 alimpa jina la Tana. Hivyo mto wetu ukaingia katika daftari la elimu ya ulimwengu. Mwaka huohuo alitangaza kiumbe mwingine asiye na miguu, huyu wa Taita.

Katika kazi hiyo hakuwa peke yake. Kila alipokwenda alitegemea wenyeji, wazee kwa watoto, waliomletea viumbe kwa malipo madogo. Wao ndio waliojua gogo gani la kupindua na tope gani la kuchimba. Majina mengi yao hayajulikani, ingawa viumbe waliowaleta wamo makumbushoni hadi hii leo.

Hapana budi kusema pia jambo ambalo msomaji wa pwani hatakosa kuliuliza. Sisi tumefundishwa chuoni kwamba iko Hadithi inayokataza kumuua chura, hata kama ni kwa ajili ya dawa. Mtu huyu aliua maelfu, akawatia katika chupa za spiriti na kuwapeleka ng'ambo. Hilo halifichiki, na kila mmoja atalipima kwa mizani yake. Lakini katika mizani hiyo liwekwe na hili la pili, kwamba chura asiyeandikwa hana wakili. Msitu wake ukikatwa, hakuna atakayejua kwamba alikuwapo wala kwamba ametoweka. Orodha ya Loveridge ya mwaka 1957, iliyowataja watambaao na jamii ya chura wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, ikawa msingi wa waliomfuata.

Mwaka huo wa 1957 alistaafu, yeye na mkewe wakahamia St Helena, kisiwa cha upweke katikati ya bahari ya Atlantiki. Wasomaji wetu wanakijua, kwani ndiko alikofungwa Napoleon, na ndiko pia alikopelekwa Sayyid Khalid bin Barghash wa Unguja kabla ya kurudishwa Afrika Mashariki na kufariki Mombasa mwaka 1927. Tofauti ni kwamba Loveridge alikwenda kwa hiari yake. Huko aliendelea kuchungua viumbe wa kisiwa hadi alipofariki tarehe 16 Februari 1980, akiwa na umri wa miaka 88.

Katika miaka yake ya mwisho, misitu aliyoitembea ilikuwa imeingia mashine. Huko Usambara ya mashariki, katika miaka ya 1970 na 1980, miti mikubwa ilikatwa kwa ajili ya viwanda vya mbao, kwa msaada wa fedha na vyombo kutoka Ufini. Nia haikuwa mbaya. Tanzania ilihitaji mbao za shule na nyumba, na vijana walihitaji kazi. Lakini trekta linalovuta gogo moja hufungua njia ya jua, na jua likiingia unyevu hutoka. Wataalamu walipolalamika walikuwa na hoja mkononi, maana iliandikwa tangu mwaka 1928 ni viumbe gani wako Amani na hawako kwingine. Katika mwaka 1986 na 1987 msitu ulipimwa upya, ukataji wa mashine ukasimamishwa, na mwaka 1997 ikatangazwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani.

Hapa Kenya shauri hilo lilichukua sura nyingine. Juu ya mlima wa Sagalla, karibu na Voi, mwaka 2005 alitangazwa jamaa wa yule kiumbe wa Taita wa Loveridge. Wenyeji walimjua zamani, nao humwita kilimamrota. Hapatikani mahali pengine popote duniani. Adui yake hakuwa shoka; alikuwa ni mti. Mikaratusi iliyopandwa kwa ajili ya mbao na nguzo ilinyonya maji ya ardhi, na udongo uliokuwa laini ukakauka. Kiumbe wa kuchimba hawezi kuishi katika ardhi ngumu kama sakafu. Katika miaka ya karibuni wenyeji na wataalamu wameanza kupanda miti ya asili badala ya mikaratusi, hasa kandokando ya vijito. Hakuna aliyeambiwa asijenge wala asiuze boriti. Lililotafutwa ni mti gani upandwe wapi.

Na kama kuna anayedhani viumbe hawa si chochote, na ajue lililogunduliwa mwaka 2006 juu ya yule wa Taita. Mama wa kiumbe huyo hunenepesha ngozi yake kwa mafuta, na watoto wake huitafuna wakakua kwayo, kama mtoto anyonyavyo maziwa. Loveridge alimpa jina mnyama huyo, naye akafa bila ya kuijua siri hiyo. Lau msitu ungalikwisha kabla, siri ingalikwenda nayo.

Sasa turudi Tana. Msitu wa kando ya mto huu ni ukanda mwembamba, unaoishi kwa mafuriko. Mabwawa yaliyojengwa juu ya mto, kama lile la Masinga lililokamilika mwaka 1981, yamepunguza mafuriko hayo. Mpokomo hukata mti apate mtumbwi na shamba, Muorma huhitaji malisho na maji, na mtu wa Kipini na Lamu anaitazama mikoko yake. Mikoko hiyo ilipigwa marufuku kuuzwa ng'ambo mwaka 1982, na mwaka 2018 amri ya kusimamisha ukataji katika misitu ya umma iliwakuta wakataji wasio na kazi nyingine. Mwaka 2012 delta ya Tana iliandikishwa katika orodha ya maeneo ya majimaji yenye thamani kwa ulimwengu. Heshima hiyo ni kubwa, lakini haimpikii mtu chungu. Amri inayokuja bila ya kumuuliza mkata boriti humgeuza mwizi katika msitu wa babu yake, na mwizi hupanga usiku.

Jambo ambalo maisha ya Loveridge yanatufunza ni kwamba hesabu hutangulia hukumu. Kabla shoka halijaingia, na kabla amri ya kulizuia haijaandikwa, ijulikane kuna nini katika tope lile na chini ya gogo lile, na waulizwe wanaoishi hapo. Yeye alikuja na chupa zake, akauliza wazee na watoto, akaandika. Vijana wa Garsen na Ngao wa leo wana shule, na hawana haja ya kumngoja mgeni kutoka Harvard. Kiumbe wa Ngatana bado yumo matopeni mwao, naye angali akihitaji wa kumwandika.