Mwenda Jean Bosco: Gitaa lililovuka mipaka kabla ya Jumuiya

NIBOYE, Kigali – Mfanyabiashara wa hapa Niboye anayesafirisha mzigo kwenda Bukavu, Kampala au Dar es Salaam anajua kuwa Kiswahili ni sehemu ya mtaji wake. Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017, na Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Lakini miongo mingi kabla ya hapo, mwanamuziki mmoja wa Katanga alikuwa ameshavuka mipaka hiyo kwa Kiswahili na gitaa kavu.

Mwenda Jean Bosco alizaliwa mwaka 1930 Bunkeya, kwa Wayeke. Hao ni kizazi cha wafanyabiashara Wanyamwezi waliotoka Tanzania ya leo katika karne ya 19, wakafuata shaba na pembe za ndovu, na chini ya Msiri wakaanzisha dola. Kwa hiyo biashara ya masafa ilikuwa katika ukoo wake.

Februari 1952, mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, mji wa madini ambao sasa unaitwa Likasi. Wimbo wake Masanga ulitoka kwenye santuri na kusambaa Afrika nzima. Bosco alitumia vidole viwili tu: gumba likishika besi, kidole cha shahada kikicheza sauti ya juu. Aliyesikia santuri bila kumwona aliweza kudhani wapigaji ni wawili. Wapiga gitaa wengi walijaribu kumwiga, wengi wakashindwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 alihamia Nairobi kwa muda. Huko alipiga muziki redioni na kurekodi tangazo la dawa ya Aspro. Mkongo aliuza bidhaa kwa Wakenya bila mkalimani, kwa sababu Kiswahili cha Katanga na cha Nairobi, pamoja na tofauti zake, vilielewana. Vijana wa Kenya waliomsikia walijifunza mtindo wake wa vidole, nao ukaacha alama katika muziki wa nchi hiyo. Mwaka 1969 alipanda jukwaa la tamasha la Newport, Marekani.

Hata hivyo, sifa hazikuwa mshahara. Bosco alifanya kazi ya ofisini, akaongoza bendi ya Super Shaba na kumiliki hoteli karibu na mpaka wa Zambia. Gitaa lilimpa jina, lakini riziki aliitafuta pia kwa njia nyingine, kama wengi wanaoishi kwa kuvuka mipaka.

Septemba 1990 alifariki katika ajali ya gari nchini Zambia, akiwa na umri wa miaka 60. Mtoto wa Bunkeya alikufa ugenini, katika nchi jirani, njiani. Hatari hiyo kila msafiri wa mpakani anaijua. Lakini muziki wake haukuhitaji hati ya kusafiria, na hadi leo wapiga gitaa kavu hupima vidole vyao kwa Masanga.