Samuel Johnson, Mtunga Kamusi

Kila mwanafunzi aliyepata kufungua kamusi anajua faida yake. Neno likimshinda, hulitafuta, akaiona maana, akaendelea na kusoma kwake. Lakini ni wachache wanaofikiri juu ya taabu ya yule aliyeyakusanya maneno hayo. Hii ni habari ya Samuel Johnson, Mwingereza aliyetunga kamusi kubwa ya lugha yake, na katika kazi hiyo akajifunza jambo moja lililo gumu kuliko kuandika, nalo ni kukubali kumaliza.

Johnson alizaliwa mwezi wa Septemba, mwaka wa 1709, katika mji wa Lichfield. Baba yake alikuwa muuza vitabu, lakini biashara ile haikumpa utajiri. Alipokuwa mtoto mdogo, Samuel alishikwa na ugonjwa wa tezi za shingo, ukamwachia makovu usoni na kumharibia macho, hata jicho moja likawa karibu halioni. Walakini alipenda sana kusoma. Mwaka wa 1728 akaingia Chuo Kikuu cha Oxford, lakini fedha zikamwishia, na baada ya miezi 13 akarudi kwao bila shahada. Baadaye akafungua shule. Wanafunzi wakawa wachache mno, ikafungwa. Ndipo mwaka wa 1737 alipokwenda London kutafuta riziki kwa kalamu yake.

Zaidi ya umaskini, alikuwa na maadui wawili ndani ya nafsi yake: huzuni nzito iliyomjia mara kwa mara, na uvivu alioujutia maisha yake yote.

Mwaka wa 1746 wauza vitabu wa London walipatana naye atunge kamusi ya Kiingereza, nao wamlipe paundi 1,575. Katika fedha hizo ilimpasa kununua karatasi na kuwalipa wasaidizi wake. Kule Ufaransa wataalamu 40 walikuwa wamefanya kazi kama hiyo kwa muda wa zaidi ya miaka 50. Johnson akaahidi kuimaliza kwa miaka 3.

Akapanga nyumba, na katika chumba cha juu akaweka meza za kuandikia kama katika ofisi ya mfanya biashara. Yeye alisoma vitabu vya waandishi hodari, akipiga mstari chini ya kila neno alilolitaka. Waandishi wake 6 wakainakili mistari ile juu ya vipande vya karatasi, kisha Johnson akaziandika maana.

Mwanzoni matumaini yake yalikuwa makubwa. Alitaka kuichunguza kila elimu na kila kazi ya mikono, asiandike jina la kitu asichokijua vema. Tena alidhani kwamba kamusi yake itaizuia lugha isibadilike. Lakini kila swali lilizaa swali jingine, na kila kitabu kilimpeleka kwenye kitabu kingine. Nayo madaftari aliyoyaandaa yakamshinda, kwa kuwa maana za maneno zilizidi nafasi aliyoziachia. Neno moja dogo tu lenye maana ya kutwaa lilikuwa na maana zaidi ya 100. Ikambidi ayaache madaftari yale, aanze tena kwa mpango mwingine. Miaka 3 ikapita, na kamusi haijaisha.

Hapo Johnson alikuwa na njia mbili. Angeweza kuendelea kutafuta ukamilifu mpaka kufa, akiacha nyuma yake rundo la karatasi lisilomfaa mtu. Au angeweza kuiwekea kazi mpaka, na kuimaliza kama awezavyo binadamu. Akaichagua njia ya pili. Akaungama kwamba lugha iliyo hai haifungwi kamba, wala mtu mmoja hawezi kujua yote. Basi akaendelea, neno baada ya neno.

Katika miaka hiyo hiyo, toka 1750 hata 1752, aliandika gazeti dogo lililotoka mara mbili kila juma. Siku ya kupiga chapa ilipofika, ilimlazimu kutoa alichokuwa nacho, awe na furaha au majonzi. Mwezi wa Machi, mwaka wa 1752, mkewe akafariki, na huzuni ikamlemea sana. Hata hivyo kamusi hakuiacha.

Ilitoka tarehe 15 Aprili, mwaka wa 1755, katika vitabu viwili vikubwa, nayo ilikuwa na maneno zaidi ya 42,000. Miezi michache kabla yake, Chuo cha Oxford, alichokiacha kwa umaskini, kilimpa shahada ya heshima.

Je, kamusi ile haikuwa na makosa? Ilikuwa nayo. Maneno mawili ya mabaharia, yaani joshini na demani, ambayo ni pande mbili zinazopingana, aliyaeleza kana kwamba ni upande mmoja. Tena sehemu ya mguu wa farasi iliyo juu ya kwato aliiita goti. Bibi mmoja akamwuliza sababu ya kosa hilo. Watu walitazamia ajitetee kwa maneno mengi, lakini Johnson akajibu tu kwamba hakujua. Hakuona haya, wala hakukasirika. Mwaka wa 1773 alitoa chapa nyingine aliyoisahihisha mahali pengi.

Johnson alifariki Desemba 1784, akazikwa London katika kanisa la Westminster Abbey. Kwa muda wa zaidi ya miaka 100 Waingereza waliitegemea kamusi yake, pamoja na makosa yake.

Ninyi msomao, msidhani kwamba habari hii inasifu uzembe. Johnson alijitahidi karibu miaka 9. Lakini yuko mwanafunzi afutaye sentensi ya kwanza ya insha yake mara kumi, hata kengele ikalia na karatasi yake ni tupu. Na yuko fundi asiyetaka kuonyesha mkeka wake kwa sababu ukindu mmoja umepinda. Hao na waikumbuke kamusi ya Johnson. Ukamilifu ni wa Mungu peke yake. Sisi tumepewa kufanya kazi kwa bidii, kuimaliza, na kukubali kusahihishwa. Wazee wetu walisema kweli: kizuri hakikosi ila.