Mzee Van Der Zee na Harusi za Harlem

Siku ya mahafali hapa chuoni huwezi kushuka ngazi za ukumbi bila kuitwa na wapiga picha watatu au wanne. Baadhi yao ni wanachuo wenzetu, tunakaa nao hosteli, na kamera wameikodi kwa siku. Jumamosi inayofuata utawakuta kwenye sendofu, Jumapili kanisani, na katikati ya wiki wanasubiri simu iite. Wakikaa pamoja mjadala wao ni uleule: mtu ashike staili moja ajulikane kwayo, au afanye kila kazi inayokuja mradi kodi ilipwe? Nimeusikia mjadala huo mara nyingi mpaka nikaona nimwandike mzee mmoja aliyeishi ndani yake zaidi ya miaka hamsini, tena akiwa na studio yake ndogo tu mtaani.

James Van Der Zee alizaliwa tarehe 29 Juni 1886 katika mji wa Lenox, jimbo la Massachusetts, Marekani. Wazazi wake waliwahi kufanya kazi za nyumbani kwa Ulysses Grant, yule jenerali aliyekuja kuwa rais. Lenox ulikuwa mji wa matajiri kwenda kupumzika wakati wa joto, na familia za watu weusi pale zilikuwa za kuhesabu. Nyumbani kwa akina Van Der Zee walikuwa watoto sita, na karibu kila mmoja anachora au anapiga ala fulani. James alikuwa wa piano na fidla. Ungemuuliza akiwa kijana atakuwa nani, angekwambia mwanamuziki.

Kamera ilimjia kwa njia ambayo mwanafunzi yeyote wa leo ataielewa: tangazo. Uza vifuko kadhaa vya manukato, upewe kamera kama zawadi. Dogo akauza, kamera ikaja, kumbe ni ya hovyo, haitoi picha. Hapo wengi wangeishia. Yeye alijichanga akanunua nyingine, akajifunza mwenyewe kusafisha picha nyumbani, akaanza kuwapiga ndugu zake, wanafunzi wenzake na mitaa ya mji wao. Hakuna chuo alichosomea kazi hiyo. (Sisi wa kitivo cha elimu tunapenda kuamini kwamba kila ujuzi unahitaji mtaala. Haya.)

Mwaka 1906 alikwenda New York. Alifanya kazi ya kuhudumia mezani, akaendesha lifti, usiku akipiga muziki. Mwaka 1907 akamwoa Kate Brown, wakaishi kwa muda Virginia, ambako alipiga picha za wanafunzi na walimu wa shule za watu weusi. Walimpata binti, Rachel, na baadaye mtoto wa kiume aliyefariki akiwa bado mchanga. Wakarudi New York. Muziki ulimlisha kwa miaka kadhaa, alifundisha, akapiga kwenye bendi, lakini ulikuwa unalisha leo, kesho haulishi.

Kazi iliyomgeuza aliipata mwaka 1915 huko Newark, mji wa jirani, kwenye studio iliyokuwa ndani ya duka kubwa. Aliajiriwa kama msaidizi wa chumba cha giza. Kamera ilikuwa ya bosi. Lakini bosi alipotoka, wateja hawakusubiri, basi James akawa anawapiga yeye. Bosi alikuwa mtu wa haraka: kaa, tazama huku, tayari, anayefuata. James alikuwa anamwangalia mteja kwanza. Huyu mkono wake uwe wapi, yule kichwa kiinamishwe upande gani, mama huyu asimame au akae. Haikuchukua muda wateja wakaanza kurudi wakimtaka yule mtu mweusi awapige. Sitaki kulikuza sana jambo hili, ila nadhani biashara yake yote ilizaliwa hapo, kwenye zile dakika tano za ziada ambazo bosi aliona ni kupoteza wakati.

Karibu mwaka 1916 akafungua studio yake Harlem, mtaa wa 135, akaiita Guarantee Photo Studio. Jina lenyewe lilikuwa ahadi: usiporidhika, tutazungumza. Ndoa yake na Kate ilikuwa imevunjika, na sasa alikuwa na Gaynella Greenlee, aliyekuwa mke na mshirika wa biashara. Baadaye studio ilibadilishwa jina ikaitwa GGG, na hilo lilitokana na jina la Gaynella.

Inabidi tuielewe Harlem ya miaka ile. Maelfu ya watu weusi walikuwa wakihama kutoka majimbo ya kusini, wakikimbia mashamba ya watu, ubaguzi na kuuawa na makundi ya wazungu. Wakifika New York wanapata kazi, mshahara wa kwanza, koti la kwanza zuri. Kitu kinachofuata ni kuwatumia walioachwa nyumbani ushahidi kwamba tumefika na tuko salama. Ushahidi huo ulikuwa picha. Tena picha zao walizozizoea magazetini na kwenye matangazo ya wakati ule zilikuwa za dhihaka, mtu mweusi akichorwa kama kichekesho. Mtu aliyepanda ngazi za studio ya Van Der Zee hakuwa anakwenda kujifurahisha tu. Alikuwa anakwenda kuonekana kama anavyojijua mwenyewe.

Mzee aliielewa haja hiyo, akaifanyia kazi kwa kila mbinu aliyokuwa nayo. Ukutani aliweka mapazia makubwa yaliyochorwa mandhari: bustani, dirisha, meko yenye moto. Alikuwa na viti vizuri, vitabu, maua, zulia. Mteja asiye na sebule alipewa sebule kwa dakika kumi. Halafu picha ikishapigwa, kazi ilikuwa bado. Alikaa na negativu ya kioo akiwa na kalamu na kisu kidogo, akaondoa mikunjo chini ya macho, akanyoosha jino, akachora mkufu au pete pale ambapo hapakuwa na kitu. Kwenye picha nyingine aliongeza hata moshi wa sigara. Leo tunasema filta zimeharibu watu. Huyu alikuwa anafanya filta kwa mkono, kabla ya wazazi wa babu zetu wengi kuiona kamera.

Je, huo ni uongo? Hapa ndipo ninapotofautiana na baadhi ya rafiki zangu wanaopenda picha za uhalisia. Wao wanasema mpiga picha aache kitu kilivyo. Sawa, lakini mteja wa harusi hajakulipa umwonyeshe uchovu wake wa wiki nzima ya vikao vya kamati. Na Van Der Zee hakuwabadilisha watu wakawa watu wengine. Ukiziangalia picha zake, sura ni za watu wale wale, macho yao, mikono yao ya kazi. Alichoongeza ni kile walichokuwa wamekifuata Harlem.

Sasa tuje kwenye harusi. Kuna picha yake ya mwaka 1926 ambayo kwangu ni ya ajabu kuliko zote. Bwana harusi na bibi harusi wako studio, shela jeupe limeenea sakafuni, nyuma yao meko ya kuchora. Picha ya kawaida kabisa ya maharusi. Ila ukitazama chini, miguuni pao, kuna mtoto wa kike amekaa na mwanasesere wake, na mtoto huyo anapitisha mwanga, kama kivuli. Mtoto huyo hakuwa wao. Hawakuwa na mtoto, ndiyo kwanza wanaoana. Mzee aliunganisha negativu mbili kwenye karatasi moja ili kuonyesha yajayo, nyumba yenye moto na mtoto anayecheza. Ninajua wapo watakaoiona picha hiyo imezidi sukari. Mimi mara ya kwanza niliiona ya kutisha kidogo. Kisha nikakumbuka kwamba aliyeiweka pale ni baba aliyekwisha kumzika mtoto mchanga, na nikaacha kuicheka.

Mwaka uliofuata, 1927, Rachel, binti yake wa pekee, alifariki baada ya kidole tumbo kupasuka. Baba yake alikuwa akipiga picha za misiba kama alivyopiga za harusi, maana Harlem wakati huo familia zilitaka picha ya marehemu jenezani, hasa za kutuma kwa ndugu wa mbali wasioweza kufika. Alizifanya kwa mbinu zile zile za studio: maua, mpangilio, malaika aliyepachikwa juu kutoka negativu nyingine. Alipofika zamu ya binti yake, alimpiga picha jenezani kama alivyowapiga watoto wa wengine. Sijui mtu anawezaje. Huenda kwa fundi wa namna yake kutompiga ndiko kungekuwa kumwacha.

Na hapo ndipo unapoona jibu la wale jamaa wa hosteli, angalau jibu alilolitoa yeye kwa vitendo. Harusi haikumlisha mwaka mzima, hivyo alijizoeza kila namna ya kazi. Mwaka 1924 chama cha Marcus Garvey kilimpa kazi ya mpiga picha rasmi, na ghafla mtu wa studio akatoka mtaani, akapiga maandamano, magwaride, maofisa ndani ya sare na umati wa maelfu. Hapo hakuna pazia la meko wala muda wa kupanga mikono ya mtu. Alipiga timu za michezo, vyama vya kidini, saluni, shule, mabondia, wachungaji. Mwaka 1932 alipiga mwanamume na mwanamke waliovaa makoti ya manyoya pamoja na gari lao aina ya Cadillac, mtaani kwenye mwanga wa kawaida, na hiyo ndiyo picha yake inayojulikana kuliko zote. Ukiiweka karibu na ile ya maharusi unaweza kudhani ni wapiga picha wawili. Lakini ule utaratibu wa Newark unauona palepale. Mwanamume amekaa ndani, mlango uko wazi, mwanamke amesimama nje, kila mmoja amepewa nafasi yake.

Vita Kuu ya Pili ilileta wateja, wanajeshi waliotaka picha kabla ya kuondoka. Baada ya hapo kazi ikaanza kukata. Kamera ndogo za bei nafuu zilikuwa zimeingia kila nyumba, na mtu akishakuwa na shemeji mwenye kamera, studio anaikumbuka siku za pasipoti tu. Wenzangu wanaolalamika kwamba simu zimeua biashara, hili si jipya. Mzee alishuka mpaka kwenye picha za vitambulisho na kurekebisha picha chakavu za watu zilizomfikia kwa posta. Aliendelea hivyo kwa miaka mingi, na dunia haikuwa na habari naye.

Mwaka 1967 mtafiti mmoja wa picha, Reginald McGhee, aliingia studio kwake akitafuta picha za zamani za Harlem. Akakuta maelfu kwa maelfu ya negativu, karibu kila moja ikiwa na kumbukumbu. Januari 1969 jumba la makumbusho la Metropolitan la New York likafungua maonyesho makubwa kuhusu Harlem, na kazi za Van Der Zee zikawa nyingi kuliko za mpiga picha mwingine yeyote. Alikuwa na miaka 82. Maonyesho yenyewe yalipingwa na wasanii weusi, waliouliza inakuwaje Harlem ielezwe bila wachoraji wake, na hoja yao ilikuwa na uzito. Lakini mwaka huohuo yeye na Gaynella walitolewa kwenye nyumba walimoishi na kufanya kazi. Hali ya fedha ilikuwa imewashinda. Picha nyingi ziliishia mikononi mwa taasisi, na baadaye ilibidi afungue kesi kuzidai. Kesi ilimalizika yeye akiwa ameshakufa. Mpiga picha wa leo anayempa mteja faili zote bila karatasi yoyote ya makubaliano asome aya hii mara mbili.

Gaynella alifariki mwaka 1976. Miaka miwili baadaye Van Der Zee alimwoa Donna Mussenden, mwanamke mdogo kwake kwa miaka mingi mno, na watu walisema waliyosema. Ila ni yeye aliyeweka mambo ya mzee sawa na kumrudisha kwenye kamera. Mwaka huohuo wa 1978 kilitoka kitabu cha picha zake za misiba, na picha mojawapo ya humo ndiyo iliyompa Toni Morrison wazo la riwaya yake iitwayo Jazz. Kisha watu mashuhuri wakaanza kuja kupigwa picha naye, Muhammad Ali akiwemo. Mwaka 1982 alikuja mchoraji Jean-Michel Basquiat, kijana wa miaka 21, mdogo kwangu kwa mwaka mmoja. Mzee alimkalisha kitini kwa utulivu, paka mapajani. Huyo kijana alikuwa anajulikana kwa fujo za rangi zake, lakini mbele ya kamera ile anaonekana kama mtoto wa mtu aliyeletwa kupigwa picha ya ukumbusho.

James Van Der Zee alifariki tarehe 15 Mei 1983 mjini Washington, akiwa na miaka 96. Alikuwa amekwenda huko kwenye mahafali ya Chuo Kikuu cha Howard, kupokea shahada ya heshima. Mwaka 2021 jumba lile lile la Metropolitan, pamoja na jumba la makumbusho la Harlem, lilitangaza kuhifadhi kazi zake kwa pamoja: picha zilizosafishwa karibu 20,000 na negativu karibu 30,000. Nyingi ni za watu ambao majina yao hayajulikani tena, maharusi kwa maharusi.