Hilary Koprowski

Hilary Koprowski (Warshawa, 5 Desemba 1916 – 11 Aprili 2013) alikuwa daktari na mtaalamu wa virusi kutoka Polandi aliyefanya kazi nchini Marekani. Anakumbukwa kama mtu wa kwanza kuwapa watoto chanjo ya polio ya kumeza, iliyotengenezwa kwa virusi hai vilivyodhoofishwa.

Maisha

Alisomea udaktari na piano huko Warshawa. Mwaka 1939 aliikimbia vita, akapitia Italia hadi Brazil, alikofanya utafiti wa homa ya manjano. Mwaka 1944 alihamia Marekani na kuajiriwa katika maabara ya Lederle. Kuanzia 1957 hadi 1991 aliongoza Taasisi ya Wistar, Philadelphia.

Majaribio kwa watoto

Virusi vilivyodhoofishwa huzaliana tumboni bila kuleta ugonjwa, na mwili hujifunza kujikinga. Mwaka 1948 Koprowski alikunywa chanjo hiyo mwenyewe. Tarehe 27 Februari 1950 ilipewa mtoto wa miaka 8, kisha wengine, jumla 20, katika kituo cha Letchworth Village, jimbo la New York. Hakuna aliyeugua, na wale wasiokuwa na kinga waliipata. Hata hivyo walikuwa watoto wenye ulemavu waliotunzwa kituoni, wasioweza kujiamulia. Kwa hiyo jaribio hilo limelaumiwa katika mijadala ya maadili ya tiba.

Kongo

Mwaka 1958 zaidi ya watu 200,000, wakubwa kwa wadogo, walipewa chanjo yake katika bonde la Mto Ruzizi, mpakani mwa Kongo ya Kibelgiji na Ruanda-Urundi. Baadaye ilitolewa kwa watoto wadogo mjini Léopoldville (leo Kinshasa).

Katika miaka ya 1990 ilidaiwa kwamba chanjo hiyo ilieneza UKIMWI kupitia seli za sokwe. Vipimo vya sampuli zilizohifadhiwa havikukuta virusi wala chembe za sokwe, na mwaka 2004 ilionyeshwa kwamba virusi vya sokwe wa eneo la Kisangani si asili ya VVU vilivyoenea duniani.

Urithi

Marekani iliidhinisha chanjo ya Albert Sabin badala ya yake, nayo ndiyo matone yaliyoenea Afrika Mashariki. Koprowski alishiriki pia kutengeneza chanjo bora ya kichaa cha mbwa.